Shule ya Kanisa isipimwe kwa asilimia tu: kutoka Bunia hadi Kasenyi, tuulize pia walioachwa njiani

Kila mwaka matokeo ya Mtihani wa Taifa, Exetat, yanapotoka, Bunia inabadilika rangi. Vijana wanamwagiana poda nyeupe kichwani, pikipiki zinapiga honi barabara nzima, na mama zao wanapiga vigelegele mbele ya nyumba. Siku mbili baadaye mazungumzo yanahama kutoka kwa watoto kwenda kwa shule. Sokoni, kanisani na ndani ya basi watu wanaulizana: shule fulani imepata asilimia ngapi? Shule za Kanisa Katoliki hutajwa mapema, na prefe ambaye wanafunzi wake wote wamefaulu hutembea kifua mbele mpaka Septemba.

Furaha hiyo ni halali. Mtoto aliyesoma usiku kwa taa ya simu, katika mkoa ambao silaha hazijanyamaza, akapata diploma ya serikali, anastahili poda na vigelegele. Tatizo liko kwenye swali tunalouliza baada ya sherehe. Asilimia inahesabiwa kwa wale waliofika ndani ya chumba cha mtihani. Haisemi lolote juu ya msichana aliyerudishwa nyumbani mwezi wa pili kwa sababu ya minervali akakosa kurudi. Haimhesabu kijana ambaye familia yake ilikimbia kijiji akiwa darasa la tatu la humanite, na hajaingia darasani tangu siku hiyo.

Tupige hesabu ndogo. Shule ya kwanza ilianza humanite na wanafunzi 60. Miaka minne baadaye wamebaki 24, wote wanafanya mtihani, wote wanafaulu. Hiyo ni asilimia 100. Shule ya pili nayo ilianza na 60. Wamefika 50 kwenye mtihani, wamefaulu 40. Hiyo ni asilimia 80. Mtaani tutasema shule ya kwanza ndiyo bora. Lakini shule ya pili imewapa Ituri vijana 40 wenye diploma, na ile ya kwanza 24. Ni ipi iliyofanya kazi kubwa zaidi?

Msimamo wetu ni huu: shule ya Kanisa ipimwe kwa idadi ya watoto iliowafikisha mwisho, ikilinganishwa na idadi iliyowapokea mwanzo. Na ili iwafikishe wengi, itahitaji mkono ambao hadi sasa umekaa mfukoni, yaani mkono wa wale waliosoma humo zamani.

Mzigo uliobaki kwa mzazi

Ili kuelewa kwa nini watoto wanapotea njiani, lazima tukumbuke shule hizi zinaishi kwa nini. Sehemu kubwa ya wanafunzi wa Kongo wanasoma katika shule zinazosimamiwa na makanisa. Mwaka 1974 utawala wa Mobutu ulizitwaa shule zote kuwa mali ya serikali. Jaribio hilo halikudumu. Tarehe 26 Februari 1977 serikali ilitia sahihi mkataba na makanisa, na kuanzia hapo tukapata hizi tunazoita écoles conventionnées. Shule ni ya taifa, programu ni ya taifa, mshahara wa mwalimu unapaswa kutoka serikalini, ila usimamizi wa kila siku uko mikononi mwa Kanisa.

Mkataba huo ulikuwa na maana wakati serikali ilipolipa. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 nchi ilipoporomoka, walimu waligoma na madarasa yakafungwa. Wazazi na Kanisa wakakubaliana kwamba mzazi atoe kitu kidogo kumsaidia mwalimu asikimbie. Kitu hicho kiliitwa prime. Kilikuwa dawa ya dharura, lakini dawa ikageuka kuwa chakula cha kila siku. Zaidi ya miaka 30 mzazi wa Kongo ameibeba shule mgongoni.

Septemba 2019 serikali ilianza kutekeleza kifungu cha 43 cha Katiba, kinachosema elimu ya msingi katika shule za umma ni bure. Ni hatua kubwa, hata kama madarasa yalifurika na walimu wengi walikaa muda mrefu bila kulipwa. Lakini neema hiyo inaishia shule ya msingi. Mtoto akivuka kwenda sekondari, minervali inamsubiri mlangoni, na kwa mzazi wa kawaida humanite ndiyo sehemu ya gharama kuliko zote.

Mpango huu wa mzazi kulipa unategemea jambo moja ambalo hatulisemi kwa sauti: kwamba mzazi ana shamba, ana ng'ombe, ana mtumbwi, au ana kibanda sokoni. Ukimwondolea hivyo, shule inabaki bila mguu wa kusimamia. Katika Ituri, vita imeondoa hivyo vyote.

Barabara ya kwenda ziwani

Chukua barabara moja tu, ile inayotoka Bunia kuelekea Kasenyi. Ni zaidi ya kilomita 50, inapanda milima halafu inashuka ghafla kwenye joto la Ziwa Albert. Kasenyi iko hapo chini, wilaya ya Irumu, ikitazamana na Uganda. Samaki na makayabo yanayouzwa Bunia yanapita barabara hiyo. Minervali za watoto wengi pia zimepita hapo, zikiwa bado samaki.

Njiani, kama kilomita 25 kutoka Bunia, kuna Bogoro. Tarehe 24 Februari 2003 wanamgambo walishambulia kijiji hicho na kuua raia wapatao 200. Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ya La Haye ilieleza namna kambi ya askari ilivyokuwa imewekwa kwenye Institut ya Bogoro, na namna raia waliokimbilia huko kutafuta hifadhi walivyouawa ndani ya madarasa. Germain Katanga alihukumiwa mwaka 2014 kifungo cha miaka 12. Mwaka 2017 majaji waliagiza fidia: dola 250 za kielelezo kwa kila mmoja wa wahanga 297, pamoja na fidia za pamoja, na katika hizo msaada wa elimu umo. Hata mahakama ya mbali iliona kwamba kulitengeneza lililoharibika Bogoro bila shule haiwezekani.

Kabla ya kesi hiyo, mwaka 2012, mahakama hiyohiyo ilitoa hukumu yake ya kwanza kabisa, na ilihusu Ituri. Thomas Lubanga alipatikana na hatia ya kuwaingiza jeshini na kuwatumia vitani watoto wa chini ya miaka 15. Tukumbuke maana yake: hukumu ya kwanza katika historia ya mahakama ile ilihusu watoto wetu waliopaswa kuwa darasani.

Kisha ukaja mwaka 2018. Mwezi wa Februari watu kwa maelfu walivuka Ziwa Albert kwa mitumbwi kutoka Kasenyi na Tchomia kwenda Uganda, wengine wakazama njiani. Tangu 6 Mei 2021 mkoa umewekwa chini ya utawala wa kijeshi, état de siège. Julai 2025 waumini waliokuwa katika mkesha wa sala parokiani Komanda, vijana wakiwemo, waliuawa usiku, zaidi ya 30. Hatuorodheshi mambo haya kwa ajili ya kuhuzunisha. Tunayataja kwa sababu ndiyo hali ambamo prefe wa shule anamwambia mtoto: leta minervali au rudi nyumbani. Nyumbani ni wapi? Kwa wengi ni hema la turubai.

Mtoto anapotoka darasani kwa kukosa pesa, haendi kupumzika. Wa kiume anapewa kazi kwenye machimbo ya dhahabu au mtumbwini, au anakutana na mtu anayempa bunduki na kumwita shujaa. Wa kike anaolewa. Makundi yenye silaha hayaombi minervali. Kila kiti kinachobaki kitupu darasani kina mtu anayekitazama kutoka porini.

Uwanja si anasa

Kuna jambo jingine ambalo asilimia ya Exetat haiwezi kulipima, nalo ni kile mwanafunzi anachofanya baada ya kengele ya mwisho. Katika shule nyingi zetu michezo imekuwa ya mwisho katika orodha. Uwanja umejengwa madarasa ya ziada, au umekodishwa, au nyasi zimemea mpaka magotini. Mwalimu wa michezo anapewa pia somo la jiografia na la dini, na mpira unanunuliwa na wanafunzi wenyewe.

Hali haikuwa hivi mwanzo. Kanisa Katoliki ndilo lililokuwa miongoni mwa waanzilishi wakubwa wa michezo ya vijana katika nchi hii. Padri Raphaël de la Kethulle, mmisionari wa Scheut ambaye watu wa Kinshasa walimwita Tata Raphaël, alijenga shule na viwanja kwa pamoja, akiamini kijana hafundishwi kwa ubao peke yake. Uwanja wenye jina lake ndio ambao Muhammad Ali alimwangusha George Foreman mwaka 1974. Dunia nzima inaukumbuka usiku ule, lakini ni wachache wanaokumbuka kwamba jina la uwanja ni la mwalimu.

Majirani zetu wa Kenya wana mfano ulio karibu zaidi na hali yetu. Iten ni mji mdogo juu ya bonde la ufa. Humo kuna shule ya wavulana ya Kikatoliki, St. Patrick's, iliyokuwa chini ya Mabruda wa Mtakatifu Patrick kutoka Ireland. Mwaka 1976 alifika Bruda Colm O'Connell kufundisha jiografia. Hakuwa na ujuzi wowote wa kufundisha riadha. Alikuja kwa muda mfupi, akabaki. Kutoka shule hiyo alitoka Peter Rono, aliyepata dhahabu ya mita 1500 katika Olimpiki ya Seoul 1988. Alitoka Matthew Birir, dhahabu ya kuruka viunzi na maji Barcelona 1992. Alitoka Wilson Kipketer, aliyeshikilia rekodi ya dunia ya mita 800 kwa miaka mingi. Na David Rudisha, aliyekimbia mita 800 kwa dakika 1 na sekunde 40.91 mjini London mwaka 2012, alifunzwa na bruda huyohuyo.

Katika ua wa shule ile kuna miti. Bingwa aliyesoma hapo hupandiwa mti wake, na kila mtoto mpya anayeingia anapita katikati ya miti hiyo. Shule inajua majina ya watu wake, imewaandika ardhini. Haikuhitaji uwanja mkubwa wa taa. Ilihitaji mwalimu aliyekaa, ratiba iliyoheshimiwa, na kumbukumbu.

Sisi hatuna mwinuko wa Iten, na hatusemi Kasenyi itatoa mabingwa wa Olimpiki kesho. Tunasema kwamba saa mbili za mpira, mbio au kuogelea kila jioni, chini ya jicho la mwalimu, zinamshika mtoto mahali salama katika saa ambazo ni za hatari kuliko zote. Na tukitaja kuogelea, tuseme wazi: kila mwaka ziwa linameza watu, mitumbwi imejaa kupita kiasi, na abiria wengi hawajui kuogelea wala hawana jaketi la kuokoa maisha. Shule ya kando ya ziwa inayomfundisha mtoto equation ya daraja la pili na kumwacha bila kujua kukaa juu ya maji, imemfundisha nusu.

Waliopita humo wako wapi?

Hapa tunafika kwa watu ambao makala hii inawalenga zaidi: wanafunzi wa zamani, wale tunaowaita ba-ancien.

Nchi hii imetoa mfano ambao ni mgumu kuupita. Dikembe Mutombo alisoma sekondari Boboto, chuo cha Majesuiti jijini Kinshasa. Ndoto yake ilikuwa udaktari, na aliondoka kwenda Chuo Kikuu cha Georgetown, Marekani, ambacho nacho ni cha Majesuiti, kwa msaada wa masomo. Urefu wake wa mita 2.18 ukampeleka kwenye mpira wa kikapu, akacheza NBA misimu 18. Lakini hakutupa vitabu: alimaliza chuo akiwa na shahada ya isimu na diplomasia. Mwaka 2007 hospitali aliyoijenga Kinshasa kwa jina la mama yake, Biamba Marie Mutombo, ilianza kupokea wagonjwa, na yeye mwenyewe alitoa zaidi ya dola milioni 15. Mwaka 2021 shule aliyoijenga karibu na Mbuji-Mayi ilifunguliwa, akaipa jina la baba yake, Samuel Mutombo, aliyekuwa mtu wa elimu. Alipofariki tarehe 30 Septemba 2024, watu walikumbuka vikapu alivyozuia, na pia kitanda cha hospitali na dawati la shule.

Wengi watasema: huyo alikuwa milionea. Ni kweli. Lakini tusijifiche nyuma ya utajiri wake. Waliosoma katika shule za Kanisa za Bunia na vitongoji vyake wako kila mahali. Ni wauguzi, walimu, wafanyabiashara wa Kampala na Dubai, mawakili wa Kinshasa, maafisa wa mashirika ya misaada, madereva wa malori, masista na mapadre, watu walio Canada na Ubelgiji. Wana vikundi vya WhatsApp vyenye mwaka wao wa kumaliza. Vikundi hivyo vinaamka wakati wa msiba, vinachanga haraka, vinanunua jeneza na chakula. Heshima hiyo kwa marehemu ni nzuri. Lakini yule mtoto aliye hai, anayekalia dawati lilelile uliloandika jina lako kwa ncha ya kompasi, naye anahitaji mchango.

Hesabu yake si ya kutisha. Wanafunzi wa zamani 200, kila mmoja akitoa dola 2 kwa mwezi, wanapata dola 4,800 kwa mwaka. Dola 2 ni chini ya bei ya chupa mbili za bia katika mabaa mengi ya mjini. Kwa kiasi hicho shule moja inaweza kubakisha darasani watoto kadhaa wa wakimbizi wa ndani mpaka wamalize humanite, na kununua mipira na wavu. Haitaokoa mkoa. Itaokoa watoto wenye majina, na mwaka unaofuata wengine.

Benchi moja, makabila yote

Lakini kuna sababu nyingine, nzito kuliko pesa, inayotufanya tuwatazame wanafunzi wa zamani.

Ituri imejaa mutualité za makabila. Kila jamii ina yake, na kila moja inasaidia watu wake. Zina kazi nzuri, lakini katika miaka ya vita zimekuwa pia mahali ambapo uchungu wa upande mmoja unalelewa bila kusikia uchungu wa upande wa pili. Tujiulize: ni mahali gani katika mkoa huu ambapo Mhema, Mlendu, Mngiti, Mbira, Malur, Mnande na Mlugbara walikaa benchi moja kwa miaka minne, wakaadhibiwa na mwalimu mmoja, wakashinda mechi moja na kushindwa pamoja? Soko linawakutanisha kwa saa moja. Kanisa linawakutanisha Jumapili. Shule iliwakutanisha kila siku, katika umri ambao urafiki unaota mizizi.

Kwa hiyo umoja wa wanafunzi wa zamani si klabu ya kukumbushana utani wa internat. Ni moja ya vyama vichache sana katika Ituri ambavyo, kwa asili yake, haviwezi kuwa vya kabila moja. Ukiamka, unaweza kufanya lile ambalo tume nyingi za amani zimeshindwa: kumfanya mtu wa upande huu amlipie minervali mtoto wa upande ule, kwa sababu tu wote ni wa shule moja. Kijana aliyesomeshwa namna hiyo atakuwa vigumu kumshawishi kwamba jirani ni adui kwa kuzaliwa.

Ndiyo maana tunaweka sharti bila kuzungukazunguka. Mfuko wa wanafunzi wa zamani ukichagua watoto kwa kabila, ni bora usianzishwe. Utakuwa mutualité nyingine iliyovaa sare ya shule.

Tunayosikia wakisema wapinzani

Wapo watakaosema kwamba kusomesha watoto ni kazi ya serikali, na kwamba kuchanga ni kuisaidia serikali kulala. Hoja hiyo ina nguvu, na hatuikimbii. Serikali inadaiwa mishahara ya walimu, usalama wa barabara, na ulinzi wa shule zisigeuzwe kambi. Kongo ilikubali Azimio la Shule Salama mwaka 2016, ambalo linataka majeshi yasitumie majengo ya shule. Deni hilo lidaiwe kila siku, na gazeti hili litaendelea kulidai. Lakini mtoto aliye darasa la pili la humanite mwaka huu hawezi kuwekwa kabatini mpaka bajeti ya taifa ipone. Mwaka wake ukipita, umepita.

Wengine watasema Kanisa lenyewe lina mali, lianze lenyewe. Nalo hilo lina ukweli wake. Kanisa limelipa gharama kubwa katika Ituri. Mapadre wawili waliuawa parokiani Nyakasanza Mei 2003, na misioni kadhaa za Djugu zimeporwa na kuchomwa. Hata hivyo mateso hayaondoi wajibu wa kutoa hesabu. Mzazi anayelipa minervali ana haki ya kujua imeenda wapi. Na shule inayobeba jina la mtakatifu haiwezi kumfukuza mtoto wa mkimbizi katikati ya muhula, halafu mwezi wa saba ijisifu kwa asilimia 100.

Tunaomba mambo manne

Kwanza, ofisi ya Kanisa inayosimamia shule za jimbo katoliki la Bunia iitake kila sekondari yake kutangaza namba tatu kila mwaka: wangapi walianza darasa la kwanza la humanite miaka minne iliyopita, wangapi wamefanya Exetat, na wangapi wamefaulu. Namba hizo zibandikwe mlangoni mwa shule, si kwenye kabati la prefe. Waliohamia shule nyingine kwa sababu ya vita waandikwe kando, ili shule isihukumiwe kwa makosa ya bunduki.

Pili, kusiwe na mtoto wa familia iliyokimbia vita anayetolewa darasani katikati ya muhula kwa ajili ya pesa. Shule na komite ya wazazi wakae mwanzo wa mwaka, waandike orodha ya watoto hao kwa siri na heshima, na deni lao lishughulikiwe na watu wazima. Mtoto asisimamishwe mbele ya wenzake kwa kosa ambalo si lake.

Tatu, wanafunzi wa zamani wa kila shule waunde mfuko mmoja, wenye akaunti moja na sahihi tatu: ya mwakilishi wao, ya shule, na ya komite ya wazazi. Sahihi hizo zitoke katika jamii tofauti. Kila miezi mitatu waseme kimeingia kiasi gani, kimetoka kiasi gani, na watoto wangapi wamesaidiwa. Anayeogopa kutangaza hesabu asishike pesa.

Nne, uwanja urudishwe. Alasiri mbili kwa wiki, wavulana na wasichana, mwalimu akiwepo. Shule za kando ya ziwa, kuanzia Kasenyi na Tchomia, ziongeze kuogelea, kwa msaada wa wavuvi wazee wanaojua maji kuliko kitabu chochote. Na kila shule iwe na ubao wa majina ya waliopita humo wakafanya jambo la maana, awe daktari, fundi, mwalimu wa kijijini au mama aliyelea yatima. Mtoto wa hema akiona kwamba aliyekaa kwenye kiti chake ana jina ukutani, atajua kwamba kiti hicho kinafika mahali.

Hakuna jambo katika haya manne linalohitaji mkutano wa wakuu wa nchi wala ndege ya wafadhili. Yanahitaji daftari, gundi ya kubandikia karatasi mlangoni, na watu wa miaka 30, 40 na 60 wakumbuke kwamba kuna aliyewalipia, hata kama alikuwa mama muuza makayabo ambaye hakujua kusoma.

Mwaka huu, kabla hamjauliza shule fulani imepata asilimia ngapi, ulizeni ilianza na watoto wangapi. Prefe mwenye jibu mdomoni, mpeni mkono. Asiye na jibu, msimwache mpaka alitafute.